Kabla Hujafungua Blogu ya Kuuza Mchele Wako, Ijue Historia Hii



Siku hizi swali linalonifikia mara nyingi halihusu viwavijeshi wala mbolea. Ni hili: "Nikifungua blogu, nitapata wateja wa mchele Dar es Salaam?" Jibu langu ni ndiyo, ukiitunza. Kufungua ni kazi ya saa moja. Kutunza ni kazi ya miaka, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanaandika mara tatu, wanaweka picha ya magunia, kisha kimya.

Tunachopoteza kwa kimya hicho si kidogo. Mchele wa bonde letu huondoka mashineni ndani ya gunia lisilo na jina. Ukifika sokoni mjini, muuzaji anaweza kuupachika jina la Kyela au Mbeya kwa sababu ndilo mteja analolijua. Mwenye jina ndiye anayepata bei, na aliyelima hana habari.

Sisi si wageni wa kuuza mbali, kwa hiyo kabla sijakupa hatua za kufuata, tuangalie walichofanya waliotutangulia.

Treni iliyosimama kila kituo

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Lengo kubwa lilikuwa shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia nchi za kusini zilizokuwa bado chini ya walowezi na wakoloni.

Lakini kwa watu wa Mang'ula, Ifakara, Mngeta na Mlimba, faida haikuwa shaba. Ilikuwa treni ya kawaida, ile inayosimama hata kwenye vituo vidogo. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, alifuatilia maisha ya wafanyabiashara hawa wadogo. Moja ya vitu alivyotumia ni stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni. Karatasi hizo ndogo zilimsaidia kuona kilichopakiwa, kilikotoka na kilikokwenda.

Kumbuka mambo mawili hapo. La kwanza ni ratiba. Mfanyabiashara mdogo hakuwa na lori wala ghala mjini. Alichokuwa nacho ni uhakika kwamba treni itapita na mwenzake wa kituo cha mbele atakuwa anasubiri. Treni ilipochelewa au kukatishwa, aliyeumia kwanza ni huyu. La pili ni kumbukumbu. Stakabadhi iliwaunganisha watu wawili wasioonana, na miaka baadaye bado ilikuwa ushahidi wa kazi yao.

Ratiba na kumbukumbu ndivyo vitu viwili ambavyo blogu ya biashara inahitaji kuliko rangi na mapambo.

Blogu za Kiswahili zilivyokua

Miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili ni Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe. Yeye ndiye aliyemsaidia mpigapicha wa magazeti Issa Michuzi kuanzisha ya kwake Septemba 2005, wakiwa Helsinki, Finland.

Wakati huo intaneti ya Tanzania ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na ya polepole. Mkonge wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Hata hivyo blogu ya Michuzi ilipata wasomaji wengi kabla ya hapo, hasa Watanzania walio ughaibuni. Kwa nini? Kwa sababu kila walipofungua walikuta kitu kipya: harusi, msiba, mkutano, picha ya mtaa wanaoukumbuka. Wasomaji walikuja kwanza, matangazo ya biashara yakafuata. Anayeanza na matangazo matupu anapanda mpunga kwenye jaruba lisilo na maji.

Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa nchini. Sasa mteja wa Dar aliweza kumlipa mtu wa Ifakara bila kusafiri na bila kumpa dereva bahasha. Kulipa kukawa rahisi. Kilichobaki kigumu ni mteja kukuamini kabla hajatuma hela.

Mwaka 2011 wakulima kumi wa Chambezi, Bagamoyo, wanawake watano na wanaume watano, walianza mradi wa Sauti ya Wakulima. Walikuwa na simu janja mbili tu. Walizitumia kwa zamu, wakipiga picha za mashamba na kurekodi sauti zao, kisha kuziweka kwenye tovuti ya pamoja. Wakulima kumi kwa simu mbili! Vikundi vyetu vya Kilombero leo vina simu kuliko hizo, kinachokosekana ni zamu.

2018: daraja na geti

Mwaka 2018 unakumbukwa Ifakara kwa daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, linalotuunganisha na ndugu zetu wa Ulanga na Malinyi. Kabla yake tulitegemea kivuko, na mto ulipojaa, mzigo ulilala ng'ambo.

Mwaka huohuo, kwenye mtandao liliwekwa geti. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kujisajili TCRA. Ada ilikuwa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Blogu nyingi zilifungwa. Hata JamiiForums ilisimama kwa muda mwezi Juni.

Kanuni hizo zimebadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia "haihitajiki kibali", wala anayekutisha kwa ada za zamani. Ulizia TCRA masharti ya sasa kwa aina ya maudhui yako kabla hujaanza, na baki kwenye bidhaa yako. Blogu ya mchele ikianza kuchapisha habari za siasa, imehamia kundi jingine.

Ufanye nini sasa

1. *Chagua siku moja ya wiki.* Andika siku hiyo hata kama huna mzigo: mpunga umefikia wapi, maji yako vipi shambani, barabara inapitika? Mteja akizoea ratiba yako atarudi.

2. *Andika kama stakabadhi.* Tarehe, kijiji, mbegu (Supa au SARO 5), siku uliyokoboa, uzito wa mfuko, bei ya leo. Sema kama mchele ni mpya au wa msimu uliopita, maana haupikiki sawasawa. Kama una chenga, sema, na punguza bei.

3. *Usifute ya zamani.* Bei za mwaka jana na picha za msimu uliopita ndizo zinazomwonyesha mteja mpya kwamba hukuanza jana.

4. *Blogu iwe ghala, mitandao iwe vituo.* Tumia WhatsApp, Facebook na Instagram kuwafikia watu, lakini maelezo kamili yakae kwenye blogu. Simu ikipotea au ukurasa ukifungiwa, ghala libaki. Hifadhi nakala za picha na maandishi yako mahali pengine pia.

5. *Punguza ukubwa wa picha.* Mteja anatumia bando lake kukusoma. Picha mbili nyepesi za mchele ukiwa kiganjani, kwenye mwanga wa mchana, zinatosha.

6. *Kama ni kikundi, pangeni zamu.* Watu wawili wajue neno la siri, mwingine ajibu maswali, na bei itoke kwa mtu mmoja tu.

7. *Hesabu wanaorudi.* Waliofungua ukurasa ni wengi siku zote. Andika daftarini nani amenunua mara ya pili na alikujuaje. Hao ndio mavuno ya blogu yako.

Jipe misimu miwili kabla hujasema haifanyi kazi. Na usingoje kompyuta, kwa maana simu uliyonayo inatosha. Safari hii mashine ikikoboa mpunga wako, kabla gunia halijashonwa, andika tarehe, kijiji na mbegu, upige picha. Hiyo ndiyo stakabadhi yako ya kwanza. Wiki ijayo, siku ileile, andika ya pili.