Rangi ya Maji Juu ya Pembe

Nilipoingia kile chumba nilidhani stima imepotea. Mimi ni mtu wa Nairobi. Mwanga ukififia ghafla, mkono wenyewe unaenda kutafuta tochi ya simu. Soja aliyesimama mlangoni aliuona mkono ukiingia mfukoni, akatikisa kichwa polepole. Kumbe giza lile ni la makusudi. Picha za rangi ya maji na michoro ya karatasi huliwa na mwanga. Kuna rangi zinazopauka hadi usizione tena, na karatasi nayo hugeuka kahawia kama gazeti lililosahaulika dirishani. Kwa hivyo makumbusho huzitundika kwa miezi michache chini ya mwanga hafifu, lux 50 hivi, halafu huzirudisha kwenye masanduku zikalale kwa miaka. Ukizikuta nje umebahatika, kama kumkuta mtu wa kazi za usiku akiwa macho saa sita mchana.

Huyo wa kazi za usiku ninamjua vizuri. Ni Anti yangu, mdogo wa mama, na wakati mimi nimesimama gizani ndani ya Museum of Fine Arts, Boston, yeye alikuwa amelala Lowell, mji ulio karibu saa moja kwa treni. Anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, usiku kucha, na mchana hufunga mapazia. Nilikuwa nimeenda Marekani kwa sherehe ya binamu yangu, mwanawe, aliyekuwa anahitimu shule ya upili. Mimi, ambaye nililipiwa karo ya mihula mitano na mama wa huyo huyo kijana kisha nikaacha chuo mwaka wa tatu bila kumwambia hadi miezi minane ilipopita, ndiye niliyeshika simu kumpiga picha akiwa amevaa joho. Anti hakusema kitu. Alinipa pasi ya makumbusho aliyoazima maktaba (huko maktaba huazimisha hata pasi) akaniambia niende nikaone mji badala ya kukaa kwenye kochi nikimwangalia akilala.

Basi nikaenda. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, michoro na picha za rangi ya maji za Wamarekani wa karne ya 19. Usifikirie makubwa. Hakuna vita vya farasi ukutani wala malaika. Ni meli, ghala la nyasi, mto, paka, bibi arusi aliyekaa wima kama anayesubiri matibabu. Nyingine zimechorwa na watu wenye majina. Nyingi zimeandikwa tu: msanii asiyejulikana. Mabaharia, wanajeshi, wasichana wa shule, watu waliochora jioni baada ya kazi.

Aliyewaingiza watu hao kwenye jumba la maana alikuwa mgeni kama mimi. Maxim Karolik alizaliwa mwaka 1893 Bessarabia, Myahudi, mwimbaji wa sauti ya juu, akafika Marekani baada ya mapinduzi ya Urusi. Mwaka 1928 alimwoa Martha Codman, tajiri wa ukoo wa zamani wa Boston. Bwana arusi alikuwa na miaka thelathini na kitu, bibi arusi karibu sabini. Unaweza kukisia mji ulisema nini. Lakini hao wawili wakaanza kukusanya sanaa za Marekani ambazo hata Wamarekani wenyewe walikuwa wakizipita bila kugeuza shingo, na mwishowe mikusanyo mitatu mikubwa ikaingia kwenye jumba hili. Wa tatu ndio wa rangi za maji na michoro, ya kati ya 1800 na 1875. Katalogi yake ilichapishwa 1962. Martha alikuwa ameshafariki mwaka 1948, na Karolik mwenyewe alifuata 1963. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukitaka kujua kama picha ni nzuri, itazame picha. Usianze kwa kuuliza mchoraji ni nani na alisomea wapi.

Nikiri kwamba mstari huo wa fikra ulinipendeza kupita kiasi. Mtu aliyeacha chuo huokota ushahidi kila mahali. Nilizunguka chumba nikihesabu wale wasiojulikana kama mtu anayehesabu jamaa zake kwenye harusi ya wenyewe. Yule aliyechora meli alikosea kivuli, lakini kamba zote alizijua, kila moja imefungwa pale inapofungwa. Nikajiambia: umeona? Hakuna aliyemuuliza cheti.

Kisha nikafika kwenye kisanduku cha kioo kilichofunikwa kitambaa. Unakiinua kitambaa mwenyewe, unatazama, unakirudisha. Chini yake kulikuwa na uso wa mwanamke, mdogo kuliko kiganja changu, uliochorwa mwaka 1830. Sarah Goodridge, picha yake mwenyewe.

Huyu nilikuwa nimewahi kusoma habari zake usiku mmoja nilipopaswa kuwa nikiandika kitu kingine cha kulipiwa. Alizaliwa 1788 Templeton, kijiji cha Massachusetts, mtoto wa sita kati ya tisa. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hivyo alichora kwa pini juu ya magome ya mti, na kwa kijiti kwenye mchanga uliotandazwa sakafuni jikoni. Masomo ya kuchora aliyapata kidogo kidogo, hapa na pale, zaidi alijifundisha. Kufikia 1820 alikuwa na chumba chake cha kazi Boston, na mwaka 1825 alimchora Gilbert Stuart, yule mchoraji mashuhuri wa uso wa George Washington, ambaye pia alimpa maelekezo. Kwa kalamu hiyo hiyo ya brashi alimlisha mama yake. Mwaka 1828 alichora matiti yake mwenyewe, hayo tu, bila uso, katika picha ya kutosha kwenye kiganja, akamtumia seneta Daniel Webster aliyekuwa amefiwa na mke mwaka huo huo. Picha ya aina ambayo leo watu hutumiana saa nane usiku kisha wanaomba ifutwe. Webster hakuifuta. Ilikaa katika ukoo wake, na sasa iko New York, kwenye Metropolitan Museum.

Kwa hivyo niliinua kitambaa nikiwa tayari kupenda. Mwanamke wa kijijini, hana digrii, ana kazi yake mjini. Nikainama kusoma lebo ili nipige nayo picha. Jina, mwaka, kisha mstari mmoja mwembamba: rangi ya maji juu ya pembe za ndovu.

Nikarudisha kitambaa. Nikakiinua tena.

Picha ndogo za aina hii, kabla ya kamera kuja kuzimaliza katikati ya karne, zilichorwa juu ya vipande vya pembe vilivyokatwa vyembamba hadi mwanga unapenya. Pembe ina mafuta na rangi ya maji haipendi mafuta, kwa hivyo kipande kilikwaruzwa na kusuguliwa kwanza mpaka kikubali brashi. Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya ngozi. Juu ya karatasi ngozi ya mtu huonekana kama karatasi. Juu ya pembe mchoraji anaweka rangi kidogo sana, karibu hakuna, na pembe yenyewe inang'aa kutoka chini, ya joto, kama ina damu. Maana yake ule uso niliokuwa nikiutazama, mashavu yale, sehemu kubwa yake haikuwa rangi. Ilikuwa ndovu.

Kwetu ukipatikana na kipande kama hicho unalala ndani. Nilikuwa shule mwaka 2016 zilipochomwa tani zaidi ya mia moja za pembe katika mbuga ya Nairobi, na sisi tukaandikishwa insha. Lakini sikuwaza moto ule. Niliwaza mtihani wa Historia. Kila mtoto aliyesoma sekondari Kenya anaijua biashara ya masafa marefu: Wakamba, Wayao, Wanyamwezi; taja bidhaa tano, eleza sababu nne. Kivoi wa Kitui alikuwa jibu la alama moja. Mimi ni mtu wa Kitui na nilimwandika kama jibu la alama moja.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio walioendesha misafara ya pembe kutoka bara hadi Mombasa. Kivoi alikuwa mmoja wa wakubwa wao. Ndiye mwenyeji wa mmishonari Krapf, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, 1849. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana, Krapf akiwa kwenye msafara huo huo. Huku pwani meli za Salem, bandari iliyo jirani tu na Boston, zilikuwa zimeanza kufika Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba na Marekani, na 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika kuwa konsuli. Walichukua pembe, sandarusi, ngozi. Walileta kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kizito, cha kudumu, na watu wa pwani wakakipa jina la kwao: merikani. Bara, jora la merikani lilikuwa pesa.

Kitambaa hicho kilifumwa Massachusetts, kwenye viwanda vya matofali mekundu vya namna ile inayojaza Lowell. Anti hupita kando yavyo kila jioni akienda kazini. Pamba ilitoka kusini, ikilimwa na watumwa. Sasa zungusha kidole: mtumwa analima, msichana wa Massachusetts anafuma, meli inaleta, Mkamba anapokea jora na kutoa pembe, pembe inapanda meli. Nyingi ya pembe zilizoingia Marekani ziliishia Connecticut, Deep River na jirani yake, mji ambao hata jina ulipewa la pembe: Ivoryton. Huko zilikatwa vitana na vibao vya piano, na vibao vikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi viwe vyeupe. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Pembe tupu huanikwa juani. Ikichorwa uso, inawekewa kitambaa isipate jua.

Ndovu wa Sarah Goodridge anaweza kuwa wa Kitui kama anavyoweza kuwa wa Senegal, kwa maana pembe zilifika Marekani kwa njia nyingi. Lebo haina nafasi ya hayo, na ndivyo lebo za makumbusho huandikwa kila mahali: aliyechora, mwaka, kilichotumika. Lakini tazama. Yule baharia wa kamba, hata kama jina limepotea, amepewa mahali pa jina. Wameandika asiyejulikana, yaani tunajua alikuwepo. Aliyemfuata ndovu siku tatu, na yule aliyebeba ratili zile begani hadi Mombasa, hawakupewa hata huo usiojulikana. Wamo ndani ya neno "pembe". Na mimi nilikuwa nimekuja humo ndani kujitafutia jamaa, nikawahesabu wote ukutani, na hawa wangu nusura niwapite.

Nilirudi Lowell jioni. Anti alikuwa jikoni anapasha isyo, ile ya mahindi na maharagwe, tayari amevaa sare. Nikamsimulia yote, bila mpangilio, kama ninavyokusimulia. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Hiyo ndiyo ulikuwa unasoma chuoni?"

"Hapana, Anti. Chuoni nilikuwa nasoma takwimu."

"Kwa nini hukusema hutaki takwimu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu pesa zake, kwamba niliona aibu, kwamba nitamrudishia. Alizima jiko.

"Mwana wakwa, sikukuuliza pesa. Miezi minane nilikuwa naambia watu kazini mtoto wangu yuko chuo kikuu. Mimi ndiye nilikuwa naonekana mjinga."

Tulikula. Kisha, huku anafunga kamba za viatu, akasema kule kazini kuna piano ya zamani kwenye sebule ya wazee, vibao vimekuwa vya manjano, na yeye ndiye huvipangusa kila Jumanne. Akauliza mtu anajuaje kama ni pembe au plastiki.

Nikamwambia atazame kibao cheupe kwa karibu. Plastiki mara nyingi ni kipande kimoja. Cha pembe ni viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma, na pale vinapokutana kuna mstari, mwembamba kama unywele. Ukishika tochi kwa upande utaona pia nyuzi nyuzi ndani, kama za mti.

Alichukua mkoba, akaenda kupanda basi.

Asubuhi niliamshwa na mlango. Hakuwa amevua koti. Alisimama mbele ya kochi, akanionyesha simu: picha imetoka vibaya, imetikisika, mwanga wa tochi umeunguza nusu yake. Akaikuza kwa vidole viwili hadi kibao kimoja kikajaza kioo.

"Uko," akasema. "Mstari uko."