Paka Aliyedhaniwa Amezeeka

Paka ni bingwa wa usingizi. Hulala saa 12 na zaidi katika siku moja, na ndiyo sababu maradhi humwingia bila ya mwenye paka kutanabahi. Lakini usingizi si unyong'onyevu. Paka mzima, hata akilala, sikio lake hukesha. Harufu ya samaki ikipita, huyo ameshasimama. Aliyenyong'onyea huitwa asiitike, huwekewa chakula akakipa mgongo, na ukuta aliozoea kuuruka huutazama tu. Wenyewe husema: uzee huo.

Huko Marekani, hadi miaka ya 1980, maelfu ya paka wa majumbani walikuwa wakifa kila mwaka kwa maradhi ambayo aghalabu hayana dalili nyingine ya mapema ila kunyong'onyea huko. Madaktari walikijua kilichowaua: moyo uliotanuka, ukalegea, ukashindwa kusukuma damu, hata mapafu yakajaa maji. Kilichoutanua moyo ndicho kilichowashinda.

Mwezi wa Agosti 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza katika jarida la Science kwamba paka 21 wenye moyo dhaifu, waliolishwa vyakula vya viwandani, walikuwa na upungufu wa taurini katika damu. Walipoongezewa, nguvu ya moyo ilirejea.

Taurini haikuwa ngeni. Wajerumani wawili, Tiedemann na Gmelin, waliitoa katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827, na jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya fahali. Tangu 1975 ilijulikana pia kuwa paka akiikosa hupofuka. Mwili wake huiunda kwa uchache mno, naye hupoteza nyingine kila siku katika nyongo. Hana budi kuila. Panya anayo tele, na samaki vilevile. Kwa hiyo paka wa Lamu angojeaye mashua ufukweni, apate vichwa na matumbo ya samaki pamoja na mateke, alikuwa na kinga aliyoikosa mwenziwe wa kulala juu ya mto, aliyenunuliwa kopo kwa mapenzi na kwa fedha nyingi. Na makopo hayo, jambo la kusikitisha, yalitimiza viwango vya wakati ule.

Viwanda vikaongeza taurini, na maradhi hayo yakawa nadra. Siku hizi hatari yake huwakabili zaidi paka wanaolishwa wali na mboga tupu.