Mzigo wa Kariakoo na Rafu za Makambako: Nani Alichagua Burudani ya Kuuzwa

Makambako, mji ulio katika nyanda za juu za mkoa wa Njombe, ulijengwa na njia zinazokutana hapo kuliko na bidhaa yoyote inayozalishwa hapo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita mjini humo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, hufika hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja ya sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote kujengwa. Na katika miaka ya 1980 barabara ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza iliuunganisha mji huo na Njombe, umbali wa kilomita zipatazo 60 kuelekea kusini, na kutoka hapo hadi Songea. Karibu kila kilichotoka pwani kwenda Ruvuma, kiwe sabuni, khanga, redio au kanda ya muziki, kilipaswa kupinda kona katika mji huo. Hali hiyo humpa mwanahistoria wa biashara mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo kwa kawaida huulizwa katika miji mikubwa tu, yaani ni nani hasa aliyeamua kwamba kazi fulani ya msanii mdogo iuzwe na nyingine isiuzwe. Katika historia yote ya burudani iliyorekodiwa, mwenye duka wa Makambako hakuwahi kuwa mtu wa kwanza kuchagua. Alichagua kutoka katika kilichokwisha kuchaguliwa, na aliyechagua kabla yake alibadilika mara tatu katika muda wa miaka isiyozidi 60.

Mchaguzi wa kwanza alikuwa dola. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyotokana na kutaifishwa kwa shirika la utangazaji mwaka 1965, ndiyo iliyokuwa na studio ya kurekodi bendi nchini, na nyimbo zilipitiwa maneno yake kabla ya kurekodiwa na kurushwa hewani. Kwa upande wa picha, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilishika uingizaji na usambazaji wa filamu, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka ulazima wa kibali kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Mfumo huo ulikuwa na kipimo cha maadili na siasa, wala haukujishughulisha sana na soko, kwa kuwa soko lenyewe halikuwapo: wimbo ulisikika Njombe kwa mawimbi ya redio, bila kupita katika duka lolote, na bendi iliyotaka sahani ya santuri mara nyingi ilielekea Kenya.

Mchaguzi wa pili alikuja na ulegezaji wa biashara ulioanza katikati ya miaka ya 1980, pale wananchi waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Deki, yaani mashine ya kuchezea kanda za video, iliingia Tanzania Bara miaka kadhaa kabla ya kituo chochote cha televisheni kuanzishwa huko, kwani vituo vya kwanza, ITV kikiwamo, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa sababu hiyo watazamaji wengi wa Bara walizoea kuitazama televisheni kama kifaa cha kuonyeshea kanda, na mahali pa kuitazama pakawa kibanda umiza, banda la mbao au mabati lenye mabenchi, deki na kiingilio kidogo. Umeme ndio uliopanga ramani ya mabanda hayo. Mjini Njombe umeme ulitoka kwa sehemu katika mtambo wa kampuni ya miwati ya TANWAT, iliyoanza kupanda miti hiyo mwaka 1949, ambayo ilichoma mabaki ya mbao kuendesha jenereta. Kusini zaidi, miji ya Ruvuma iliendelea kutegemea kwa kiasi kikubwa jenereta za dizeli hadi njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Mfanyabiashara wa kanda aliyetazama barabara ya kusini alijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kadiri alivyoteremka ndivyo idadi ya deki ilivyopungua.

Katika mabanda hayo ndipo ulipozaliwa usanii ambao vitabu vya historia ya sinema vimeupa nafasi ndogo kuliko unavyostahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alianza kwa kusimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni mbele ya watazamaji, kisha akarekodi sauti yake juu ya picha, na kanda zake zikasambaa nchi nzima. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri tu mazungumzo, bali huongeza maelezo, hukumu, utani na historia ya wahusika, kiasi kwamba filamu ya Titanic aliyoisimulia ni kazi tofauti na ile iliyotoka Marekani. Msimulizi alikuwa pia mchaguzi. Kati ya maelfu ya filamu za Marekani, India na Hong Kong, zilizopata sauti yake ndizo zilizopata uhai mikoani, na nyingine zikabaki picha tupu kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kihindi.

Hatua ya tatu, ambapo mchaguzi alikuwa msambazaji, ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa anayetaka kuelewa jinsi kazi ya mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake hupata au hukosa rafu. Baada ya muziki wa Bongo Fleva kuonyesha kwamba kanda za vijana wa nyumbani zinauzika kupitia wasambazaji wa Dar es Salaam kama GMC na Mamu Stores, filamu za video zilifuata njia ileile. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson na kuwashirikisha wanamuziki waliokuwa na majina tayari, iliwaaminisha wafanyabiashara kwamba hadithi ya Kitanzania, iliyopigwa kwa kamera ya video na kwa fedha kidogo, inaweza kurudisha mtaji. Kufikia mwanzoni mwa muongo uliofuata, Steps Entertainment ilikuwa imekuwa msambazaji mkubwa wa filamu hizo, na waigizaji kama Steven Kanumba na Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, walikuwa wakitambulika hadi vijijini kusikofika gazeti.

Utaratibu wa kuchagua ulikuwa mfupi. Mtayarishaji alipeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji. Msambazaji akitaka, alinunua haki kwa mkupuo, akalipia kudurufu na kuchapa kava, na tangu siku hiyo faida au hasara ikawa yake. Kwa kuwa hatari yote ya mauzo ilimwangukia yeye, swali lake halikuwa kama filamu ni nzuri, bali kama mtu atakayeiona imepangwa kwenye meza ya Makambako, bila kuionja, atatoa fedha. Ndiyo maana sura ya nyota kwenye kava ilipewa uzito kuliko mswada, majina mengi ya filamu yakawa ya Kiingereza ingawa mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, na hadithi moja ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Watu wengi waliihesabu hali hiyo kuwa ni uroho tu, lakini tafsiri hiyo haitoshi, kwa sababu biashara inayouza kitu kisichoweza kupimwa kabla ya kununuliwa hutafuta ishara, na sura inayojulikana ndiyo ishara ya bei nafuu zaidi kuipata. Ubaya wake ulikuwa mkubwa hata hivyo. Mtayarishaji asiye na nyota hakupata mkopo wala msambazaji, na asiye na msambazaji hakuweza kumtengeneza nyota. Mduara huo uliwafungia nje hasa watu wa mikoani, kwani nyota waliishi Dar es Salaam, na aliyetaka kupiga filamu Njombe kwa waigizaji wa Njombe alikuwa ameshindwa kabla ya kuwasha kamera.

Ngazi iliyofuata ilikuwa ya jumla na rejareja. Wafanyabiashara wa nyanda za juu, wakiwamo Wakinga wa Makete ambao sifa yao katika biashara inajulikana kutoka Mbeya hadi Kariakoo, eneo la soko la Dar es Salaam, walizoea kufuata mzigo huko na kurudi nao kwa basi au lori, na mara nyingi walipewa mali kauli, yaani bidhaa inayochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Mali kauli ilimwezesha mwenye mtaji mdogo kujaza rafu, lakini ilimwachia mwenye duka la jumla uamuzi wa nini kiingie kwenye mzigo, kwa kuwa mdaiwa hawezi kubagua sana. Kilichobaki mikononi mwa muuzaji wa Makambako kilikuwa kura moja ya mwisho, ya kutoagiza tena filamu iliyododa. Filamu iliyododa mwezi mmoja ilifunga mlango wa aliyeitengeneza kwa miaka, na habari za kudoda zilirudi Kariakoo kwa simu ya mkononi haraka kuliko habari za ubora. Kwa hiyo si kweli kwamba mikoa haikuwa na sauti. Ilikuwa nayo, ila ilikuwa sauti ya kukataa tu, isiyoweza kupendekeza.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, mwezi mmoja tu baada ya Njombe kuwa mkoa kamili uliotengwa na Iringa, na kifo chake kiliiondoa ishara iliyoaminiwa kuliko zote kwenye kava za nchi hii. Haitakuwa sahihi kukibebesha kifo hicho anguko la biashara nzima, maana sababu nyingine zilikuwa kazini. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zililenga kutofautisha nakala halali na ya wizi, lakini nakala ya wizi haikuwa tena diski. Muuzaji aliyekuwa na kompyuta moja aliweza kuingiza muvi kumi kwenye flashi au memori kadi ya mteja kwa bei ndogo, na simu, ambayo haikuhitaji deki wala umeme wa saa zote, iliwafikia watu wa kusini ambao barabara ya kanda iliwaruka. Muda si mrefu rafu ikageuka kuwa folda.

Mchaguzi wa nne hajawahi kukanyaga Makambako. Duka la kidijitali la michezo ya kompyuta na simu, ambamo mteja hupakua gemu moja kwa moja bila diski, lilipitia katika muda mfupi hatua zinazofanana kwa kushangaza na zile za kanda na filamu. Steam, duka la kampuni ya Valve ya Marekani, lilianza mwaka 2003 na kupokea michezo ya watu wengine tangu mwaka 2005, na kwa miaka mingi wafanyakazi wachache ndio walioamua gemu la mtengenezaji huru, yaani asiyefadhiliwa na kampuni kubwa, liingie au libaki nje. Mwaka 2008 Microsoft ilijaribu njia nyingine kwa kuwaachia watengenezaji wenyewe wakaguane kazi zao kabla ya kuuzwa kwenye Xbox. Valve nayo ikaanzisha Greenlight mwezi Agosti 2012, ambapo wateja walipiga kura, kisha ikaifunga Juni 2017 na kuweka ada ya dola 100 kwa kila gemu, inayorudishwa baada ya mauzo kufikia dola 1,000. Katika mwaka huo mmoja michezo zaidi ya 7,000 ilitolewa kwenye duka hilo. Mlango ulipofunguliwa kiasi hicho, uchaguzi haukutoweka. Ulihamia ndani, kwenye programu inayopanga nini kionekane ukurasa wa mbele, na programu hiyo hupandisha kile ambacho tayari kinanunuliwa, kama vile kava lenye nyota lilivyovuta kava jingine lenye nyota.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa na watengenezaji wake, ingawa wachache. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo njia ya kuuza gemu la mtu mmoja wa Nairobi ilikuwa bado haijajengwa, na miaka miwili baadaye akashiriki kuanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Gemu la Nairobi X lilitoka mwaka 2015. Michezo iliyotangulia kujulikana Njombe na Makambako, hata hivyo, ni ile ya mpira wa miguu kwenye mabanda ya PlayStation, ambayo yalirithi mabenchi na wateja wa kibanda umiza, na ambayo kwa kiasi kikubwa yalitumia diski za kunakili. Huko, mwenye banda alichagua gemu kwa kipimo kimoja, yaani kama wawili wanaweza kushindana na wengine wakasubiri zamu huku wakilipa. Gemu la mtu mmoja lenye hadithi ndefu, ambalo ndilo aghalabu hutengenezwa na watengenezaji huru, halikuwa na nafasi kwenye banda la kulipia mechi, hata lingekuwa bora namna gani.

Kwa kijana wa Njombe anayetengeneza gemu la simu leo, mlango ulio karibu zaidi ni Google Play, ambayo hutoza dola 25 mara moja kwa kujiandikisha. Tangu Novemba 2023, akaunti mpya ya mtu binafsi ilitakiwa kwanza kupata wajaribuji 20 watakaoendelea kujaribu programu hiyo kwa siku 14 mfululizo, na mwezi Desemba 2024 idadi hiyo ikapunguzwa hadi 12. Sharti hilo lililalamikiwa na watengenezaji wengi duniani, na kwa mpweke ni zito kweli. Lakini likiwekwa kando ya yaliyotangulia, ni sharti la kwanza katika mlolongo huu linaloweza kutimizwa na mtu wa mikoani kwa mali aliyo nayo, kwa kuwa halidai kibali cha ofisi ya Dar es Salaam, wala sura ya nyota, wala mzigo wa mali kauli. Linadai watu 12, wawe majirani, wanafunzi wenzake wa chuo au ndugu, wenye simu za Android na subira ya wiki mbili. Likishavukwa, gemu hilo huingia kwenye duka lenye programu nyingi mno, na kazi ya kulifanya lionekane huanza hapo.