Heshima ya Upanga na Heshima ya Jembe

Neno heshima hutamkwa kila siku katika milima yetu ya Usambara: msibani, arusini, hata sokoni. Lakini mwulize mtu maana yake, atakujibu kwa mifano tu. Mimi nami sina tafsiri ya kamusi ya kumpa msomaji. Nitaeleza habari za nchi mbili zilizo mbali sana, Japani na Usambara, kisha apime mwenyewe.

Habari za Japani nilizipata kwa njia ya sinema. Nilipostaafu ualimu mkuu, mwanangu aliniletea filamu za kale za wapiganaji waitwao samurai. Mojawapo ni ile ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, Samurai Saba, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu. Kisa chake ni cha karne ya 16. Wakulima wa kijiji kimoja wanaporwa mavuno yao na wanyang'anyi, basi wanakwenda mjini kutafuta samurai wa kuwalinda. Ujira walio nao ni chakula tu. Mkubwa wa wale saba, Kambei, tunamwona kwanza akinyolewa kichwa ili ajifanye mtawa na kumwokoa mtoto aliyetekwa na mwizi. Kwa samurai, shungi la nywele lilikuwa alama ya daraja yake. Kambei aliliondoa mbele ya umati kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Mwisho wa vita wanne kati ya saba wamekufa. Wakulima wanapanda mpunga kwa ngoma na nyimbo, na Kambei anakiri kwamba walioshinda ni wale wakulima.

Mtu wa Usambara hawezi kuyatazama hayo asimkumbuke Mbegha. Masimulizi yetu yanasema kwamba alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake huko Kilindi wakamnyima urithi. Akawa mwindaji asiye na kwao. Alipoingia milimani aliwaua nguruwe mwitu walioharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akaua na simba. Ndipo Washambaa wakamtawaza huko Vugha. Tofauti ni moja tu: Kambei aliondoka, Mbegha akabaki akawa mfalme, na wazao wake, Wakilindi, wakatawala baada yake. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyepata kumtumikia Semboja kule Mazinde, katika kitabu Habari za Wakilindi.

Lakini Washambaa hawakumpa mfalme heshima bila kipimo. Wazee walikuwa na maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati na watu wakishiba, mfalme ameiponya nchi. Wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu na njaa ikaingia, wameiharibu, hata wawe mashujaa namna gani.

Kipimo hicho kilionekana wazi baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862. Alirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima, karibu na njia ya misafara ya bonde la Pangani, na hivyo kupata bunduki kwa wepesi kuliko mfalme aliyekuwa juu Vugha. Akamshambulia mwana wa ndugu yake na kumfukuza, na baadaye akamweka mwanawe mwenyewe katika kiti. Wabondei nao wakaasi. Katika vita hivyo vya miaka mingi watu walitekwa wakauzwa, wakateremshwa pwani, na bunduki na baruti zikapanda kuja bara. Semboja hakukosa ushujaa wala akili. Wahenga walisema: mvunja nchi ni mwananchi.

Linganisha na filamu nyingine, Harakiri ya Masaki Kobayashi, ya mwaka 1962. Kijana mmoja samurai, fukara, anafika kwenye jumba la bwana mkubwa, naye analazimishwa kujiua kwa upanga wake mwenyewe. Upanga ule ni wa mwanzi. Bapa la chuma alikwisha kuliuza ili awatunze mkewe na mtoto. Watu wa jumba wanamcheka kwamba hana heshima. Baba mkwe wake, samurai wa siku nyingi, ndiye anayetambua kwa uchungu kwamba yeye mwenyewe hakuwahi hata kufikiri kuuza upanga wake. Huku kwetu watu waliuzwa ili zinunuliwe silaha. Yule kijana aliuza silaha ili watu wapone. Yupi ameiponya nchi?

Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini ugomvi wa heshima haukufutwa. Hapa Malindi yetu, ya Lushoto, ardhi ni finyu na watu ni wengi. Sisi wazee huitwa kusuluhisha mipaka. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakigombea ngazi moja ya shamba la mteremkoni, isiyotosha hata magunia mawili ya viazi. Kila mmoja alisema kwamba akiachia atadharauliwa. Wakati huohuo mfereji uliokuwa ukiwapa maji wote wawili ulikuwa umeziba, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuuzibua.

Katika mabaraza hayo siku hizi siulizi kwanza nani mwenye haki. Nauliza ni nani atakayeshika jembe kesho asubuhi na kuuzibua mfereji. Mara nyingi hufuata kimya kirefu. Siku mmoja akiinuka, wazee humpisha kiti bila kuambiwa, na mimi huona kwamba neno lile nililokosa kulitafsiri wote tunalijua.