Tarehe ya Mabaharia wa Mrima na Usomaji wa Hati Zao

Kibamba iko mbali na bahari. Mtu akitoka Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro hupita Ubungo, Kimara na Mbezi kabla ya kuifikia, na akizidi kidogo mbele huwa amekwisha kuingia Mkoa wa Pwani. Hata hivyo katika nyumba za huko, walikohamia wana wa Kariakoo, Ilala na Temeke waliotafuta kiwanja cha kujenga na shamba la kulima, zimo sanduku za bati zilizohifadhi hati za mababu waliochuma riziki yao baharini: kitabu cha baharia chenye mihuri iliyopauka, hati ya kushuka melini, picha ya kijana aliyevaa kofia ya kampuni. Wajukuu huzitazama kwa heshima, kisha huzirudisha sandukuni kwa kuwa hawawezi kuzisoma. Kwa ajili yao naandika tarehe hii, maana hati hizo zinasomeka, na waliotajwa ndani yake wana haki ya kujulikana na jamaa zao.

Ubaharia wa Mrima ni wa kale kuliko kalamu za makarani. Katika zama za majahazi, vyombo vilipokwenda kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, nahodha aliwajua watu wake kwa baba zao na mitaa yao, na nasaba ilikaa vifuani. Mambo yaligeuka zilipokuja merikebu za moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua Unguja kwa ratiba. Na mwaka 1890 Wadachi waliasisi huko Hamburg kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki, Deutsche Ost-Afrika Linie. Meli hizo zilitaka watu wa kuchochea moto, kupakia makaa, kupika na kuhudumia abiria, na vijana wa Unguja na Mrima waliingia kazini humo, wengine wakiitwa na Waingereza kwa jina la jumla la Masidi. Tangu hapo jina la baharia likawa katika mamlaka ya karani.

Na karani hakuwa na haja ya kumjua mtu. Haja yake ilikuwa mstari uliojaa. Neno «bin» liliachwa, jina la babu likakaa mahali pa jina la baba, na ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja akiandikwa na mkono wake na bandari yake, wakatoka kama watu wasiohusiana. Mahali pa kuzaliwa napo pasiaminiwe upesi, kwa sababu aliyesema Kiswahili aliweza kuandikwa «Zanzibar» hata kama kitovu chake kilizikwa Bagamoyo. Uingereza ilipotoa amri ya mwaka 1925, iliyowalazimisha mabaharia weusi wasio na hati ya uraia kujiandikisha polisi kama wageni, palikuwa na sababu nzito ya mtu kuchagua mahali pa kuzaliwa patakapomwepusha na taabu. Sithubutu kuwaita waongo. Walikuwa wakilinda mkate wao.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mwana wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kidachi, naye mwenyewe akatumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia angali mdogo. Baadaye alifanya kazi ya utumishi katika meli za Kidachi, na mwaka 1929 akafika Berlin, alikodai mshahara wa vita wa baba yake na wake mwenyewe, akanyimwa. Katika karatasi za huko yeye ni Mohamed Husen. Alifundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, akakamatwa mwaka 1941, akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Maisha yake yalikusanywa upya na mtaalamu Marianne Bechhaus-Gerst kutoka katika majalada ya ofisi. Mtu aliyeshikilia jina moja tu angeipata nusu ya habari zake.

Basi shauri langu ni hili: fuata chombo kabla ya kufuata jina. Tangu mwaka 1855 kila meli iliyosajiliwa Uingereza ilipewa namba rasmi, isiyobadilika hata meli ikiuzwa na kubatizwa upya, na namba hiyo huwa katika hati ya baharia. Kwa namba hiyo hutafutwa orodha ya mabaharia wa safari ile, yenye umri, kazi, mshahara, meli iliyotangulia, na siku na bandari ya kuingia na kushuka. Meli iliyotangulia ndiyo ufunguo, maana humrudisha mtafutaji nyuma, chombo baada ya chombo, hadi siku kijana alipotoka kwao. Herufi VG katika muhuri ni sifa ya mwenendo mwema sana.

Hati za Kidachi zina ugumu wa mwandiko wao wa zamani, ambamo e hufanana na n, na u hutiwa kikombo juu ili isidhaniwe n. «Sansibar» ni Unguja, na «Djuma» ni Juma.

Orodha za Kiingereza zimetawanyika. Sehemu kubwa ya zile za 1863 hadi 1938 iko katika Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, huko Kanada. Za miaka inayokoma kwa 5, isipokuwa 1945, ziko katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Za 1939 hadi 1950 ziko katika hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London. Hapo ndipo kumbukumbu ya wazee inapofanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Bibi wa Kibamba asiyejua mwaka wowote kwa tarakimu atakwambia kwamba mumewe aliondoka muda mfupi tu kabla ya mgomo mkubwa wa makuli katika bandari ya Dar es Salaam. Mgomo ule ni wa Septemba 1947, na kwa neno lake hilo moja barua ya mjukuu, badala ya kupelekwa Newfoundland, itapelekwa Kew.