Kozi wa Amur: Ndege mdogo anayevuka bahari akifuata kumbikumbi

KOZI wa Amur ni ndege mwindaji mwenye urefu wa karibu sentimita 30 na uzani usiofikia gramu 200. Licha ya udogo huo, kila mwaka husafiri takriban kilomita 20,000, kwenda na kurudi, kati ya mashariki mwa Asia na kusini mwa Afrika.

Dume ni wa kijivu iliyokolea, mapaja yake yana wekundu wa kutu, na chini ya mabawa ana weupe unaoonekana arukapo. Jike ana kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Miguu yao ni ya rangi ya machungwa.

Ndege hawa huzaliana Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, kandokando ya mto uliowapa jina. Hawajengi kiota, bali hutwaa kilichoachwa na kunguru. Jike hutaga mayai matatu au manne, ambayo huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja. Makinda huruka baada ya mwezi mwingine hivi.

Mwezi wa Oktoba, makundi makubwa hutua kaskazini mashariki mwa India na kula kumbikumbi hadi wanenepe. Kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, wakisukumwa na upepo wa kaskazi, ule ule ulioleta majahazi pwani ya Afrika Mashariki. Hufika Kenya Novemba na Desemba, wakati mvua za vuli zinapowatoa kumbikumbi ardhini, na huonekana kwa wingi Tsavo. Kutoka hapa huelekea Afrika Kusini na nchi jirani, ambako humsaidia mkulima kwa kula panzi na nzige.

Safari hiyo ina hatari zake. Mwaka wa 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, inakadiriwa kuwa zaidi ya ndege 100,000 walinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama kitoweo. Wanakijiji wa Pangti walipoelimishwa, walipiga marufuku uwindaji huo, na mwaka wa 2013 nyavu hazikutandazwa tena.

Hata hivyo, kozi huyu hana nchi moja ya kumlinda. Akinaswa India au akila wadudu waliopuliziwa sumu Afrika, kiota cha Siberia hubaki kitupu.