Hesabu ya Ubao wa Sataranji na Uzito wa Neno Laki

Kisa cha Sissa, anayesemekana kubuni mchezo wa sataranji, kilisimuliwa na Ibn Khallikan, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1282. Sissa aliomba zawadi ya ngano: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, vivyo hivyo hadi ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo. Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Al-Biruni alikuwa amekwisha kuikokotoa mnamo mwaka 1000.

Namba hii ni mbili kwa kipeo cha 64, pungufu ya moja. Kwa hiyo ni witiri. Huvunjika kuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297. Tano za mwanzo ni namba tasa, na Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba zote za ukoo huo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ya sita ni 641 × 6,700,417. Imani ya bingwa ikaangushwa na mgawanyo mmoja, ambao mwanafunzi wa sekondari aweza kuuhakiki kwa kalamu. Hesabu ya Sissa, basi, ina vigawo tasa saba, na vigawo 128 kwa jumla.

Linalomhusu mwanaisimu ni namna ya kuitamka. Kumi ni neno la Kibantu; mia na elfu yametoka Kiarabu; laki lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na biashara; milioni lilitoka Ulaya. Bilioni nalo lilikuja na mgogoro wake. Serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 1974 kuwa ni milioni elfu moja, ilhali Ufaransa, tangu 1961, huiita hesabu hiyo miliadi, na bilioni kwao ni milioni milioni. Msomaji wa Kongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa na yule wa Tanzania waweza kupishana mara elfu moja juu ya neno moja. Kosa la kiasi hicho si dogo katika bajeti.

Laki halina utata huo. Tena huondoa mashaka ya “elfu mia nne”, ambayo msikilizaji aweza kuidhania 1,400. Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya waandishi huliona kuwa neno la sokoni tu. Tarakimu zikikatwa sita sita kutoka kulia, kila fungu hutamkika kwa laki na elfu, na milioni hurudiwa kati ya mafungu. Fungu la mwisho la ngano ya Sissa ni laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano. La kwanza ni kumi na nane tu, lakini ni kumi na nane za milioni ya milioni ya milioni.